Samansi Isipofika, Kesi Hufa



Wengi wetu hudhani kwamba kesi hushindwa mbele ya hakimu. Lakini ziko kesi zinazokufa kabla shahidi hajasema neno, kwa sababu samansi haikumfikia mdaiwa kwa njia ya sheria. Mfanyakazi amedai mshahara wake, au fidia ya mkono uliokatwa na mashine. Amelipa ada, amesubiri, halafu faili inafutwa. Kwa hiyo tunaeleza hapa kazi ya mpeleka hati za korti: ni kazi gani, mtu huipataje, na hufanywaje sawasawa.

KAZI YENYEWE. Mpeleka hati huchukua samansi na karatasi nyingine za korti, akazikabidhi kwa mtu aliyetajwa ndani yake. Asichanganywe na belifu. Belifu hutekeleza amri baada ya hukumu, kama vile kukamata mali, naye ana leseni yake. Mpeleka hati hana ruhusa ya kugusa hata kuku wa mtu.

KUIPATA KAZI. Njia ya kwanza ni kuajiriwa na Mahakama yenyewe. Nafasi zinapotangazwa, soma masharti na upeleke maombi kwa wakati. Njia ya pili ni kuwa karani wa wakili, kisha korti imkubali karani huyo kupeleka hati. Korti pia inaweza kumpa mtu mwingine idhini. Katika njia zote hizi, uwezo hutoka kwa korti, si kwa sare wala kitambulisho cha kujichapishia mjini. Kijana wa Kasese au Bwera anayetaka kazi hii aanze kwa kuuliza katika ofisi ya korti iliyo karibu naye. Ajue kusoma na kuandika Kiingereza, kwa kuwa hati huandikwa kwa lugha hiyo. Ajue pia Lukonzo au Kiswahili, ili aweze kumweleza mzee asiyesoma.

SIKU 21. Kanuni za mashauri ya madai za Uganda, Amri ya 5, zinataka samansi ifikishwe katika siku 21 tangu ilipotolewa. Zikipita, mdai ana siku 15 za kuiomba korti imwongezee muda, akiwa na sababu za kutosha. Akinyamaza, kesi hufutwa. Kwa hiyo mpeleka hati anayeiacha samansi mfukoni kwa mwezi mzima anaweza kuua haki ya mtu.

MKONONI MWA NANI? Samansi iwe na sahihi na muhuri wa korti, na apewe mdaiwa mwenyewe inapowezekana, au wakala wake aliyepewa mamlaka. Mdaiwa asipopatikana, inaweza kupewa mtu mzima wa jamaa yake anayeishi naye. Ikiwa mdaiwa ni kampuni, apewe katibu, mkurugenzi au mkubwa mwingine wa kampuni, au ipelekwe kwenye ofisi yake iliyoandikishwa. Askari wa getini hakutajwa na kanuni. Hapo ndipo madai mengi ya wafanyakazi yanaweza kukwama.

Mtu akikataa kutia sahihi, nakala hubandikwa kwenye mlango wa nyumba yake. Asipopatikana kabisa, korti iombwe iruhusu njia nyingine, kama tangazo. Huku kwetu jambo hili si geni: mafuriko ya mto Nyamwamba ya Mei 2020 yalihamisha watu wengi wa Kilembe, na anwani ya zamani haikumfikisha mtu popote. Ni vizuri kumwona mwenyekiti wa LC1 kwanza.

MPAKANI. Mdaiwa akivuka Mpondwe kwenda Kasindi, usimfuate na samansi. Kupeleka hati nje ya Uganda kunahitaji ruhusa ya korti kwanza.

HATI YA KIAPO. Baada ya kazi, mpeleka hati huapa kwa maandishi: saa, siku, mahali, namna alivyokabidhi, na nani alimwonyesha mtu huyo. Hakimu huitegemea karatasi hiyo. Anayeapa kwamba alifika Bwera naye alikuwa amekaa Kasese anafanya kosa la jinai, na hukumu iliyojengwa juu ya uongo wake inaweza kutenguliwa. Basi andika yote papo hapo katika daftari, wala usipokee pesa ya mdaiwa anayetaka useme hukumwona.

UKILETEWA WEWE. Mwanachama, usikimbie. Kutia sahihi si kukubali deni. Ni kukiri tu kwamba umepokea. Katika shauri la kawaida la madai una siku 15 za kuweka utetezi wako kortini. Ukikaa kimya, mdai anaweza kupewa hukumu bila wewe kusikilizwa. Andika tarehe uliyopokea, na siku hiyo hiyo ilete karatasi ofisini kwa Chama.