Saikolojia ya matumizi ya intaneti kwa vijana

Saikolojia ya matumizi ya intaneti kwa vijana ni uchunguzi wa namna vijana wanavyofikiri, wanavyohisi na wanavyofanya maamuzi wanapotumia simu na mitandao ya kijamii.

Ubongo na rika
Sehemu ya mbele ya ubongo, inayomsaidia mtu kupima matokeo na kujizuia, huendelea kukomaa hadi baada ya umri wa miaka 20. Sehemu zinazohusika na raha na msisimko huamka mapema zaidi, wakati wa balehe. Mwaka 2005 wanasaikolojia wa Marekani Margo Gardner na Laurence Steinberg walionyesha kwamba vijana hujiingiza zaidi katika hatari katika mchezo wa kuendesha gari wakiwa na wenzao kuliko wakiwa peke yao. Kwenye mtandao, wenzao wapo wakati wote.

Kutoonana
Mwaka 2004 John Suler alieleza kwa nini watu mtandaoni hutenda mambo wasiyothubutu kuyafanya ana kwa ana: hawatambuliki, hawaonekani, na jibu linaweza kuchelewa. Anayetukana haoni machozi ya mwenzake, hivyo hakuna kinachomwonya.

Mfano wa Rukwa
Mkoa wa Rukwa, ambao makao makuu yake ni Sumbawanga katika uwanda wa juu wa Ufipa, umetajwa pamoja na Morogoro katika takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa majaribio ya ulaghai kwa simu. Takwimu hizo huhesabu majaribio. Hazipimi tabia ya wakazi wake, ambao nao hulaghaiwa. Ujumbe unaojulikana sana humtaka mtu atume pesa "kwenye namba hii". Anayeutuma hamwoni mzazi aliyepoteza ada ya mtoto, bali huwaona wenzake wanaomsifu kwa ujanja. Hapo rika na kutoonana hufanya kazi pamoja.

Uwajibikaji
Shule nyingi nchini Tanzania huwakataza wanafunzi kuwa na simu. Katazo huondoa simu darasani, lakini halimfundishi kijana kujitawala wakati wa likizo. Mazoea yafuatayo humsaidia:
* kusubiri kidogo kabla ya kutuma ujumbe ulioandikwa kwa hasira;
* kumpigia mhusika kwa namba yake ya zamani kabla ya kutuma pesa;
* kutompa mtu yeyote namba ya siri;
* kutomsajilia mtu mwingine laini kwa jina lake, kwa kuwa laini husajiliwa kwa alama za vidole;
* kupiga *106# ili kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake;
* kutuma namba ya tapeli kwenda 15040.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 hutoa adhabu kwa udanganyifu, taarifa za uongo na unyanyasaji wa mtandaoni. Hata hivyo sheria huja baada ya kosa. Mzazi au mwalimu anayemuuliza kijana "aliyeupokea ujumbe huu alijisikiaje?" humrudishia uso ambao simu imeuficha.