Ruvu ni vijito: hesabu ya maji ya Uluguru

Bandua shada moja kwenye koliflawa iliyoshuka kutoka Mgeta, kwenye milima ya Uluguru mkoani Morogoro, utaona shada hilo lina umbo la koliflawa nzima. Bandua kishada kwenye shada, nacho kina umbo lilelile. Mwaka 2021 watafiti, wengi wao wa Ufaransa, walieleza sababu katika jarida la Science. Kila chipukizi la mmea huo huanza safari ya kuwa ua, hukwama njiani likabaki shina, na shina hilo huzaa machipukizi mengine yanayokwama vilevile. Kanuni moja fupi, ikirudiwa mara nyingi, hujenga umbo lisilochorwa kwa rula wala bikari.

Maumbo ya namna hii huitwa fraktali. Sehemu yake ndogo hufanana na umbo zima, na kila ukilisogelea hukuonyesha mikunjo mipya. Jina hilo lilitolewa mwaka 1975 na Benoit Mandelbrot, mwanahisabati aliyezaliwa Warsaw mwaka 1924 na kufanya kazi kwa miaka mingi katika kampuni ya IBM nchini Marekani. Jiometri tuliyofundishwa shuleni, ya pembetatu, duara na mche, inatosha kujengea nyumba na kupimia kiwanja. Ukiipeleka kwenye mlima, wingu, kangaga wa msituni au mapafu ya binadamu, inakuishia mkononi.

Elimu hii haikubaki kwenye vitabu. Mandelbrot mwenyewe aliitumia kuelezea kelele zilizovuruga mawasiliano kwenye nyaya za simu. Katika miaka ya 1990 Mmarekani Nathan Cohen alionyesha kwamba waya wa antena ukikunjwa kifraktali hunasa masafa mengi huku ukichukua nafasi ndogo. Hapa Morogoro inatumika kwenye jambo lililo karibu zaidi na maisha yetu: kupima miti.

Mti ni mtandao wa matawi yanayojigawa kwa mpangilio unaojirudia. Mwaka 1997 Geoffrey West, James Brown na Brian Enquist walieleza jinsi mgawanyiko huo unavyohusiana na ukubwa na uzito wa kiumbe. Kwa mpimaji wa msitu maana yake ni kwamba kipenyo cha shina, kinachopimwa mita 1.3 kutoka ardhini, kinaweza kukuambia mti mzima una uzito gani bila kuukata. Kipenyo kikiongezeka mara mbili, uzito hauongezeki mara mbili. Kwa kawaida huongezeka karibu mara sita. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) walikata na kupima miti ya misitu mbalimbali nchini, wakaandaa milinganyo ya Tanzania yenyewe, iliyochapishwa kwenye kitabu mwaka 2016. Anayetaka kukadiria kaboni iliyo kwenye misitu yetu leo hana sababu ya kuazima hesabu za misitu ya mbali.

Lakini fraktali kubwa kuliko zote za Uluguru, na yenye watu wengi zaidi wanaoitegemea, ni ile ya maji.

Urefu unategemea kipimo

Katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, Mwingereza Lewis Fry Richardson alishangazwa na mpaka wa Hispania na Ureno. Nchi moja ilisema una urefu wa kilomita 987, nyingine ikasema 1,214. Hakuna aliyedanganya. Mpaka wenye kona nyingi ukipimwa kwa hatua fupi huingia katika kona ambazo hatua ndefu huziruka. Mwaka 1967 Mandelbrot aliichukua kazi hiyo na kuuliza pwani ya Uingereza ina urefu gani. Jibu lake ni kwamba urefu hauna maana mpaka utaje umepima kwa hatua ya kiasi gani.

Sasa fungua ramani ya Uluguru ya skeli ya 1:50,000. Milimita moja kwenye karatasi ni mita 50 ardhini. Kona ya kijito yenye mita 20 inakuwa chini ya nusu milimita. Kalamu ya mchoraji inaifuta. Kijito unachokivuka kwa hatua mbili ukipanda Kibungo huenda hakimo kabisa. Ramani haina kosa. Imechagua kipimo, na kipimo kimeamua kipi kionekane na kipi kisionekane.

Maji hayaangalii ramani. Upande wa mashariki wa milima hii hupokea mvua nyingi kutoka Bahari ya Hindi, na kutoka huko hutiririka mito ya Mfizigo na Mvuha. Mgeta huanzia magharibi na kuzunguka kusini. Ngerengere huzunguka kaskazini, hujaza bwawa la Mindu linalowanywesha watu wa Morogoro mjini, hupokea mto Morogoro, kisha huenda kukutana na mto Ruvu. Ruvu nao ndio unaolisha mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, yenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 196 na milioni 270 kwa siku. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Dar es Salaam imeanzia kwenye mikono ya milima hii.

Mto mkubwa ni asilimia tatu

Mwaka 1945 mhandisi wa Marekani Robert Horton aligundua mpangilio wa mikono ya mito, na katika miaka ya 1950 Arthur Strahler akaurahisisha. Kijito kisichoingiliwa na kingine ni cha ngazi ya kwanza. Viwili vya ngazi ya kwanza vikikutana, huzaa cha ngazi ya pili. Viwili vya pili huzaa cha tatu, na kuendelea hadi mto mkuu. Walichokiona katika mabonde mengi duniani ni kwamba kila ukishuka ngazi moja, idadi ya vijito huongezeka kati ya mara tatu na mara tano, huku urefu wa kila kimoja ukipungua kwa uwiano ulio karibu uleule. Ndiyo sababu kipande cha bonde hufanana na bonde zima.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme mto wa ngazi ya tano una urefu wa kilomita 16, idadi huzidishwa kwa nne na urefu hugawanywa kwa mbili kila ngazi. Tutapata mto mmoja wa kilomita 16, minne ya kilomita 8, mingine 16 ya kilomita 4, mingine 64 ya kilomita 2, na vijito 256 vya kilomita moja moja. Jumla ni kilomita 496. Mto mkuu, ule wenye jina na daraja, ni asilimia 3 tu ya urefu wote. Vijito vya ngazi ya kwanza peke yake ni zaidi ya nusu. Ukivijumlisha na vya ngazi ya pili, unafika asilimia 77.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo zima. Tunaposema tunautunza mto, mara nyingi tunakwenda pale ulipo mpana, tunapanda miti, tunapiga picha. Lakini mto kwa sehemu kubwa uko juu, kwenye vijito vinavyopita katikati ya shamba la migomba, nyuma ya nyumba, chini ya mti wa ukoo. Hesabu hiyohiyo inatuonyesha kwamba mtandao wa namna hii huenea hadi kukaribia kujaza eneo lote la bonde. Kwa lugha ya shambani, karibu kila jaruba la Uluguru liko jirani na maji, na udongo unaoponyoka jarubani hauna safari ndefu kuingia kwenye Ruvu.

Sheria ya mita 60

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ni sheria yenye nia njema. Tuipeleke kwenye bonde letu la mfano. Mita 60 kila upande ni hekta 12 kwa kila kilomita ya mto. Ukihesabu mto mkuu peke yake, unalinda hekta 192. Ukihesabu kila kijito, unafika karibu hekta 6,000. Na kama kila kilomita ya mraba ya mlima ina kilomita nne za vijito, hizo ni karibu nusu ya ardhi yote.

Kwa hiyo sheria ile ile, kwenye bonde lile lile, inaweza kumaanisha mambo mawili yaliyo mbali kama mbingu na ardhi, kutegemea ramani iliyo mezani. Ukitumia ramani isiyoonyesha vijito, sehemu kubwa ya mto inabaki bila ulinzi. Ukitumia inayoonyesha vyote, unamwambia mkulima mwenye robo eka ahame mlimani alikozikwa bibi yake. Hatimaye afisa hufumba jicho na mkulima hujificha, na kijito hakinufaiki na yeyote kati yao.

Uluguru imeshawahi kuonja amri ya kipimo kimoja. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi uliowalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani. Kwenye miteremko mingi udongo wenye rutuba ni mwembamba, na uchimbaji ule uliufukia na kuleta juu udongo usiozaa. Mwaka 1955 watu walikataa, mapambano yakatokea, na mpango ukaachwa. Waliopinga hawakuwa wavivu wala wajinga. Walijua kwamba mteremko mmoja una miteremko ndani yake, na kila mmoja una udongo wake.

Tarehe 23 Februari 1970 mlima wenyewe ulitoa somo la pili. Mvua kubwa ya saa chache ilinyesha Mgeta, na maporomoko ya ardhi zaidi ya 1,000 yakatokea. Paul Temple na Anders Rapp, walioyachunguza na kuchapisha matokeo mwaka 1972, waliona kwamba karibu yote yalianzia kwenye mashamba na nyasi. Msituni yalikuwa machache mno. Mengi yalikuwa madogo. Tope lake ndilo lililoshuka kwenye vijito, na vijito vikalishusha mtoni.

Tuhesabu kuanzia juu

Kinachotakiwa ni ulinzi unaofuata ngazi za mto. Mita 60 zibaki kwenye mito mikubwa na kwenye kila chemchemi. Kijito cha ngazi ya kwanza kipewe ukanda mwembamba, tuseme mita 10 kila upande, wenye matete, miti na mazao ya kudumu yasiyohitaji jembe kila msimu. Katika mfano wetu, vijito 256 vingehitaji hekta 512 badala ya 3,072. Huo ni ukanda ambao mkulima anaweza kuutoa bila kufukuzwa, na unaopita palepale ambapo udongo huingia majini.

Lakini kwanza vijito hivyo viandikwe. Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu ina makao yake Morogoro. SUA ina wataalamu na wanafunzi. Vijiji vina wazee wa lukolo, yaani ukoo, wanaoijua kila chemchemi kwa jina na kwa historia ya kukauka kwake. Simu yenye GPS inatosha kukitembea kijito kuanzia chanzo hadi makutano na kukiweka kwenye ramani. Kazi hiyo ni ya mguu na uvumilivu, na vijana wa Kinole, Matombo na Bunduki wanaweza kulipwa kuifanya.

Na malipo yasiishie kwa wapimaji. Kuanzia mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mradi wa kuwalipa wakulima wa Kibungo Juu waliotunza udongo kwenye mashamba yao, kwa michango iliyowahusisha watumiaji wa maji wa chini. Wazo hilo lilikuwa sahihi: anayekunywa amshukuru kwa fedha anayetunza. Mkazi wa Kimara au Tabata, Dar es Salaam, anayefungua bomba asubuhi ana deni kwa mama wa Kibungo aliyeacha mita 10 za shamba lake kwa ajili ya matete. Deni hilo sasa linahesabika, kilomita kwa kilomita na hekta kwa hekta. Waheshimiwa wanaopanga bei ya maji waliingize kwenye bili, na wahakikishe linafika kwa mwenye kijito.