Ukiulizwa ukubali vidakuzi, unakubali nini?

Majuzi mama mmoja mwenye duka Kitengela alitupigia simu akiwa saiba. Alikuwa ameenda kuchapisha taarifa ya miamala yake ya miezi 6, maana chama chake kilitaka kuiona kabla ya kumpa mkopo. Kufungua tovuti yetu tu, ujumbe ukatokea chini ya skrini ukimwomba akubali vidakuzi. Akatuuliza, "Sasa nikibonyeza hapa mtanikata pesa?"

Hapana, hukatwi hata shilingi. Na swali lake si la kuchekesha. Sisi wenyewe tuliandika ujumbe ule kana kwamba kila mtu anajua kidakuzi ni nini.

Kidakuzi, au kuki kama wengine wanavyosema, ni faili ndogo ya maandishi ambayo tovuti huiacha kwenye simu au kompyuta yako. Ukirudi kesho, tovuti inaisoma na kukutambua. Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape kule Marekani, alibuni kitu hiki mwaka wa 1994 kwa sababu tovuti hazikuwa na kumbukumbu. Ni kama kununua kwa mwenye duka anayekusahau kila ukigeuka kuchukua sukari.

Kidakuzi hakisomi SMS zako, hakioni namba za watu wako, na hakiwezi kutuma pesa. (Programu ya mkopo uliyoipakua na kuiruhusu isome SMS, hiyo ni hadithi nyingine kabisa.)

Ila kuna vidakuzi ambavyo haviachwi na tovuti uliyofungua, bali na kampuni za matangazo zilizo ndani yake. Asubuhi unatafuta bei ya friji, jioni unasoma habari za mpira na friji ileile imekufuata. Sisi pia tunavyo vya matangazo, pamoja na vile vya kukuweka ndani ya akaunti. Vya matangazo unaweza kuvikataa na huduma yako haitabadilika. Kitufe cha kukataa tumekiweka kidogo kuliko cha kukubali, na hilo si sawa. Tumewaomba wenzetu wa tovuti wakirekebishe.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuelezwa data yako inatumiwa kufanya nini, na ridhaa uliyotoa unaweza kuiondoa wakati wowote. Ukipuuzwa, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Turudi kwa yule mama. Alikataa vidakuzi vya matangazo, akachapisha, akalipa, akaenda zake. Lakini wakati wa kuingia alikuwa ameweka tiki kwenye "Nikumbuke", na hakubonyeza "Toka". Kidakuzi cha kuingia kikabaki kwenye kompyuta ya saiba. Kesho yake mtoto wa jirani akamwambia ameona jina lake pale, pamoja na nani humtumia pesa na kiasi gani. Pesa zilikuwa salama, kwa sababu kutuma kunahitaji PIN kwenye simu yake mwenyewe. Tukaifunga akaunti upande wetu mara moja. Lakini mtaa ulikuwa umeshajua anadaiwa na nani, na hapo hatukuwa na la kumsaidia.

Kwa hivyo ukiwa saiba, au ukitumia simu ya mtu, usiguse "Nikumbuke". Fungua Chrome kwa hali fiche, ukimaliza bonyeza "Toka", kisha funga dirisha lote. Ukitumia dirisha la kawaida kisha ulifunge bila kutoka, hapo hujafanya kitu.

Kwenye simu yako, fungua Chrome, bonyeza zile nukta tatu, nenda sehemu ya kufuta data ya kuvinjari, weka tiki kwenye vidakuzi na ufute. Baada ya hapo tovuti nyingi zitakutaka uingie upya, basi hakikisha kwanza unazikumbuka nywila zako.