Tableti Katika Karakana ya Kibugandet

Mafundi wa kibugandet, kinubi cha Wakipsigis, huko Ndanai wanaweza kutumia tableti kuhifadhi sauti ya ala za wazee. Kwanza, rekodi kila uzi wa ala ya zamani, mmoja mmoja, pasipo kelele. Programu ya kupima sauti huonyesha idadi ya mitetemo kwa sekunde. Andika namba hizo, kisha kaza nyuzi za ala mpya hadi zilingane nazo.

Tahadhari: programu nyingi hufuata kipimo cha piano, ambapo noti A ni mitetemo 440. Mzee akikaza uzi tofauti na hapo, hajakosea. Fuata sauti ya mzee, si mshale wa programu.

Nyimbo za Wakipsigis alizorekodi Hugh Tracey mwaka 1950 zinasikika hadi leo kwa sababu zilihifadhiwa.