Maana na Matumizi ya Manukuu katika Video: Mfano wa Muhuru Bay

Neno manukuu, kwa maana ya maandishi yatokeayo chini ya picha za video, halijapata mipaka thabiti katika Kiswahili. Hutumiwa kwa mambo mawili yanayofanana kwa sura, yakatofautiana kwa kazi. La kwanza ni tafsiri, imfaayo mtazamaji asikiaye sauti ila haijui lugha. La pili ni manukuu hasa, yamfaayo asiyesikia. Tafsiri huandika maneno tu. Manukuu hayana budi kuonyesha pia nani asemaye na mlio upi umesikika. Nchini Marekani kipindi cha mapishi cha The French Chef kilionyeshwa na manukuu mwaka 1972, na tangu 1980 watazamaji wenye chombo maalumu waliweza kuyafungua au kuyafunga wapendavyo.

Tofauti hiyo hudhihirika Muhuru Bay, makazi ya wavuvi katika Kaunti ya Migori, ufukoni mwa Ziwa Viktoria karibu na mpaka wa Tanzania. Huko Kidholuo kimechukua nafasi kubwa iliyokuwa ya Kisuba, na Kiswahili huwaunganisha wavuvi wa pande mbili za mpaka. Chukulia video ya kufunza usalama ziwani, wasemaji wakitumia Kidholuo. Mvuvi atokaye Musoma hutosheka na tafsiri: “Turudi upesi!” Kiziwi aliyeketi kando yake hulipata agizo, lakini sababu yake haipati, yaani ngurumo iliyotangulia, injini iliyozimika, na ukelele wa mtu asiyeonekana katika picha. Kwake yeye, kilichoachwa ndicho kiini cha somo.

Yaweza kudhaniwa kwamba tanakali za sauti zitaliziba pengo hilo, kwa kuwa ni fupi na Kiswahili kina nyingi. Lakini “chubwi!” huiga mlio, na mtu aliyezaliwa kiziwi hana mlio wa kuulinganisha nao. Kwake “mtu atumbukia majini” ni bora, maana hutaja tukio. Tanakali humfaa zaidi aliyepoteza usikivu ukubwani, ambaye bado anaikumbuka sauti. Kwa hiyo mwandishi wa manukuu hutaja kwanza chanzo cha sauti, ndipo aongeze sifa yake ikiwa nafasi yaruhusu.

Suala la lugha ni gumu zaidi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 nchini Kenya, katika kifungu cha 39, iliviagiza vituo vya televisheni kuweka lugha ya ishara au maandishi katika taarifa za habari na vipindi vya elimu. Kiunganishi “au” kilivifanya viwili hivyo kuwa badala ya kimoja na kingine. Lakini katika shule za Kenya wanafunzi viziwi hufundishwa Lugha ya Ishara ya Kenya mahali pa somo la Kiswahili. Hivyo manukuu ya Kiswahili yaweza kuwa mageni kwa kijana aliyesoma huko. Kwa upande wa pili, mvuvi mzee aliyepungukiwa na usikivu husoma Kiswahili, wala ishara hazijui.

Wote wawili huketi mbele ya video moja. Palipoandikwa “au”, mahitaji yao yanadai “na”.