Kuupumzisha Moyo Uliochoka

Moyo unaopiga mara 90 kwa dakika hupiga mara 129,600 kwa siku. Ukishushwa hadi 60, hupiga mara 86,400. Kwa mkulima wa Busi, wilayani Kondoa, ambaye moyo wake umetanuka kwa presha isiyotibiwa, nafuu hiyo ni kubwa. Utafiti wa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta presha ndiyo chanzo kikuu cha moyo kushindwa kazi, na wastani wa umri wa wagonjwa ulikuwa miaka 55. Hao ni watu ambao bado wanashika jembe.

Moyo ukidhoofika, mwili humwaga adrenalini ili uongeze kasi. Kwa muda mfupi inasaidia. Ikiendelea kwa miezi, inauharibu moyo. Misuli ya moyo hupata sehemu kubwa ya damu yake inapolegea, kati ya pigo na pigo, na mbio huula muda huo. Dawa za kuzuia beta hukalia vipokezi vya moyo viitwavyo beta, adrenalini ikifika inakuta nafasi zina wenyewe. Mskoti James Black alivumbua propranolol, mojawapo ya dawa hizi, miaka ya 1960, akapewa Nobeli mwaka 1988.

Kwa miaka mingi madaktari waliogopa kumpa dawa hizi mwenye moyo dhaifu, na hofu yao ilieleweka. Mwaka 1999 utafiti wa bisoprolol, nyingine ya dawa hizi, uitwao CIBIS-II ulionyesha vifo vikipungua kwa karibu theluthi moja.

Lakini dawa hizi huanzwa kidogo sana: bisoprolol miligramu 1.25, nusu ya kidonge cha 2.5, kisha dozi hupandishwa polepole. Wiki za mwanzo mgonjwa anaweza kuchoka zaidi, na hapo wengi huziacha. Kuziacha ghafla ni hatari: mapigo hupanda kwa kishindo, na mshtuko wa moyo unaweza kufuata. Mwenye pumu amweleze daktari mapema. Asiye na ugonjwa wa moyo asizimeze akitafuta umri mrefu. Hakuna ushahidi kwamba zinampa. Hata presha ya juu isiyo na tatizo jingine kwa kawaida huanziwa dawa nyingine.

Anayetoka Busi kwenda kliniki Kondoa au Dodoma aombe dawa za kumfikisha siku ya kurudi, na akiba ya wakati wa mvua, makorongo yanapojaa. Nanyi mnaoishi naye, vidonge vikibaki vya wiki moja, msingoje viishe: mtafutieni nauli.