Rubondo, Kisiwa cha Msitu na Wageni

Wanachama kadha wametuuliza kwa nini gazeti la wakulima wa karafuu lieleze mambo ya bara. Jawabu letu ni fupi: tunachokieleza hapa ni kisiwa, kama chetu, na sisi wenye Ngezi na Jozani yatupasa kujua wenzetu wanavyolinda miti.

Rubondo kimo kusini-magharibi mwa Ziwa Viktoria. Atokaye Mwanza kwa gari huvuka ghuba kwa daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa 2025, akapita Geita, kisha akapanda mashua. Urefu wa kisiwa ni kilomita 28 hivi, na upana hauzidi 10. Hifadhi nzima pamoja na maji yake ni kilomita za mraba 457. Nchi kavu ni kama 240, yaani karibu robo ya Pemba. Sehemu kubwa ni msitu mzito, miti imefungwa na mitambaa mpaka jua halifiki chini. Ufukweni kuna matete na mafunjo, ndimo akaamo nzohe, mnyama wa jamii ya swala mwenye kwato ndefu za kukanyagia matope.

Kisiwa kilifanywa pori la akiba 1965, na hifadhi ya taifa 1977. Waliokuwa wakivua na kulima humo walihamishiwa ng'ambo. Hatupendi jambo hili lipitwe kimya kila msitu huo unaposifiwa, maana shamba la mtu ni shamba la mtu, liwe la mikarafuu au la mihogo.

Baada ya watu kutoka, waliletwa wanyama. Bwana Bernhard Grzimek na chama chake cha Frankfurt walileta sokwe 17 baina ya 1966 na 1969. Hawa walikuwa wamefungwa Ulaya katika mabustani ya wanyama, wengine wakichezeshwa sarakasi. Walifunguliwa milango tu, wakaachwa wajifunze wenyewe kutafuta matunda na kujenga viota. Wakajifunza, wakazaana, leo wajukuu wao ni makumi kadha, na matunda ya ile mitambaa ndiyo chakula chao kikubwa. Twiga na tembo nao walikubali. Vifaru weusi hawakupata bahati hiyo, majangili waliwamaliza.

Mgeni hatumkatai kwa kuwa ni mgeni. Karafuu yenyewe asili yake ni visiwa vya Maluku, nasi twaila hadi leo. Lakini katika ziwa hilo hilo alitiwa sangara miaka ya 1950, naye akala furu wa aina nyingi mno hata wengine hawaonekani tena. Sokwe wa Rubondo wamezungukwa na maji. Sangara hakuwa na mpaka.

Kuvua kwa biashara ndani ya maji ya hifadhi kumekatazwa, na huko ndiko samaki huzaliana, sato na sangara pia.

Mwanachama atakayekuwa na siku moja tu Mwanza, Rubondo hatafika. Na aende Saanane, kisiwa kidogo cha mawe mbele ya mji, kilichokuwa bustani ya wanyama tangu 1964 na hifadhi ya taifa tangu 2013. Mashua haichukui muda, na pimbi atawaona juu ya majabali.